Tiba ya Kompyuta Isiyoona Mtandao Isivushwe Ziwa

Yamekuwapo malalamiko ya muda mrefu kutoka kwa ndugu zetu wa visiwani, hasa walimu, wahudumu wa zahanati na watendaji wa kata, kwamba kompyuta mpakato zao hulala zikiwa nzima na kuamka zikiwa vipofu. Jioni mtu amefanya kazi yake, ametuma taarifa yake, ameifunga kompyuta. Asubuhi anapoifungua, ile alama ya mtandao usiotumia waya, ambayo sasa kila mtu huiita waifai, haipo tena; mahali pake pamekaa kiduara kilichochorwa mithili ya dunia. Simu iliyo kando yake mezani inauona mtandao uleule barabara. Kompyuta haioni kitu.

Jambo hili limetupata sisi wenyewe, na ndiyo maana tunaliandikia leo badala ya kuwaachia mafundi. Mmoja wetu alipangiwa kwenda Nansio kuandika habari za dagaa. Usiku wa kuamkia safari aliiacha kompyuta ya ofisi hapa Mwanza ikiwa kwenye umeme na kwenye mtandao, nayo ikajipokelea masasisho, yaani yale marekebisho ambayo watengenezaji wa programu huyatuma mara kwa mara. Akapanda meli, akafika, akaifungua katika nyumba ya wageni, na waifai ikawa haipo. Akampigia simu fundi mmoja wa mjini. Fundi, bila ya kuiona kompyuta, akatoa hukumu: kadi ya mtandao imeungua, ailete abadilishiwe, na maadam programu nazo zimevurugika itabidi "kupiga windo", maana yake kufuta kila kilichomo na kuanza upya. Mwenzetu alikuwa ameshauliza saa ya meli ya kurudi pale kijana mmoja mwenye duka la steshenari alipomwambia, "Mzee, hebu niione kwanza. Kadi haiungui kwa kulala." Akaiunganisha simu yake na kompyuta kwa waya wa kuchajia, akabofya hapa na pale, akaizima kompyuta na kuiwasha tena. Chai iliyoagizwa ilikuwa ingali na moto.

Alichokifanya kijana yule si muujiza. Ndani ya kompyuta mpakato mna kadi ndogo, aghalabu ndogo kuliko kasha la kiberiti, ambayo kazi yake ni kupokea na kurusha mawimbi ya waifai, na mara nyingi kadi hiyohiyo ndiyo yenye Bluetooth. Kadi haijui lugha ya mfumo mkuu wa kompyuta, wala mfumo mkuu haujui lugha ya kadi. Baina yao huwekwa programu ndogo iitwayo kiendeshi, ambayo mafundi wetu huiita draiva. Kazi yake ni ile ya mkalimani mahakamani. Hakimu anasema Kiswahili, shahidi ni mzee wa Ukara asemaye Kikara, na mkalimani amekaa katikati yao. Sasa tuseme usiku mkalimani huyo ameondolewa na kuletwa mwingine asiyekijua Kikara. Asubuhi hakimu yu mzima, shahidi yu mzima, lakini kesi haiendi. Mtu atakayeshauri kwamba shahidi atupwe na aletwe shahidi mwingine atachekwa; lakini huo ndio ushauri wa yule fundi aliyetaka kuuza kadi mpya.

Kwa nini basi mkalimani abovu aletwe? Si kwa hila. Kompyuta mbili za jina moja na umbo moja, zilizonunuliwa duka moja, zaweza kuwa na kadi za watengenezaji mbalimbali: hii ya Intel, ile ya Realtek, nyingine ya MediaTek au Qualcomm. Kiendeshi kilichojaribiwa kwa kadi moja huweza kuishinda nyingine iliyo ndugu yake. Kwetu huku liko na jambo la pili. Kompyuta nyingi zinazotumika Mwanza na visiwani ni zilizokwisha kutumika ng'ambo, na mtengenezaji wake aliacha siku nyingi kuzishughulikia kila anapotoa masasisho mapya. Hali hiyo imezidi tangu Oktoba 14, 2025, Microsoft ilipokoma kuihudumia Windows 10 kwa kawaida. Kompyuta nyingi za kabla ya mwaka 2018 hazikubaliwi rasmi na Windows 11, na wako mafundi wanaoilazimisha iingie hivyohivyo. Mara nyingine huingia salama. Mara nyingine kadi ya waifai hubaki haina mkalimani kabisa.

Asidhani mtu kwamba haya ni mambo ya watu wa pembezoni. Desemba 2023 masasisho ya Windows 11 yalivuruga waifai katika vyuo vikuu kadhaa vya nchi za nje, mpaka Microsoft yenyewe ikakiri na kulirudisha nyuma badiliko lililoleta balaa. Julai 19, 2024, faili moja lenye kasoro kutoka kampuni ya ulinzi wa kompyuta ya CrowdStrike liliziangusha kompyuta zipatazo milioni 8.5 duniani, ndege zikakaa chini, hospitali zikarudia kalamu na karatasi. Faili lenyewe liliondolewa kwenye mtandao kwa muda mfupi, lakini nyingi ya kompyuta zilizokwisha kuanguka zilihitaji mtu wa kuzifikia moja moja kwa mkono. Wakazi wa visiwani hawahitaji kuelezwa uzito wa maneno hayo.

Tueleze sasa namna ya kuitibu. Kwanza mtu ahakikishe kwamba mgonjwa ni kompyuta na siyo mtandao, na shahidi wa hilo ni simu. Ikiwa simu nayo haioni waifai ile, taabu iko kwenye ruta au kwa kampuni ya simu, na hakuna haja ya kuisumbua kompyuta. Pili, atazame kama hakugusa kitufe chenye picha ya ndege, ambacho huzima mawimbi yote kwa mpigo. Tumeona watu wazima wakilipa fedha kwa ajili ya kitufe hicho. Tatu, aiwashe kompyuta upya kwa njia ya kuwasha upya, siyo ya kuzima. Watu wengi hawajui kwamba Windows ya siku hizi, inapoambiwa izime, mara nyingi haizimi kabisa. Huhifadhi hali ya undani wake ili iwahi kuamka, na hivyo huamka pamoja na kasoro ya jana. Ikiagizwa kuwasha upya ndipo huanza mwanzo kweli.

Ikiwa hayo hayakufaa, aende kwa mkalimani mwenyewe. Abonyeze kwa kitufe cha kulia cha kipanya juu ya alama ya Windows iliyo chini ya kioo, achague orodha ya vifaa, ambayo kwenye kompyuta nyingi imeandikwa Device Manager. Humo atafute kundi la kadi za mtandao. Kadi ya waifai iliyoharibikiwa kiendeshi mara nyingi huwa na pembetatu ndogo ya manjano. Akiibofya mara mbili na kuingia sehemu ya kiendeshi, ataona kitufe cha kurudisha nyuma, Roll Back Driver. Kitufe hicho humrudisha mkalimani wa zamani, na kwa makosa mengi tunayoyazungumzia kazi huishia hapo. Kikiwa kimefifia, hakibonyezeki, maana yake kompyuta haikuhifadhi kiendeshi cha kwanza. Hata hivyo katika sehemu hiyohiyo mtu anaweza kuchagua kiendeshi kingine kutoka katika vile ambavyo tayari vimo ndani ya kompyuta. Anaweza pia kukiondoa kifaa katika orodha na kuwasha upya, na Windows itajaribu kukitambua tena. Lakini awe mwangalifu: wakati wa kuondoa, kompyuta huuliza kama ifute na programu ya kiendeshi. Asiweke alama ya kukubali mpaka awe na kiendeshi kingine mkononi. Iko pia njia ya kuirudisha kompyuta nzima katika hali ya siku iliyopita, iwapo ilikuwa imewekewa alama ya siku hiyo. Nyaraka za mtu haziguswi, ila programu zilizowekwa baada ya siku hiyo huondoka. Kufuta kila kitu na kupiga windo ni dawa ya mwisho kabisa. Wanaoitanguliza wamewapotezea watu alama za mitihani, hesabu za vikundi na picha za marehemu wao.

Msomaji makini atakuwa ameshaona mtego uliopo. Dawa, yaani kiendeshi kizuri, hupatikana kwenye tovuti ya mtengenezaji wa kompyuta. Tovuti ni ya mtandaoni. Na kompyuta haioni mtandao. Ni sawa na ufunguo uliofungiwa ndani ya sanduku. Hapo ndipo kijana wa Nansio alipotuzidi akili. Simu ya Android ikiunganishwa na kompyuta kwa waya, na katika mipangilio yake ikaruhusiwa kusambaza intaneti kwa USB, kompyuta huichukua simu hiyo kana kwamba ni kadi ya mtandao ya waya. Windows ina kiendeshi cha kazi hiyo tangu kiwandani, hivyo waifai ikiwa imekufa, waya hufanya kazi. Waya uwe ni ule unaopitisha data, kwani nyaya nyingi za bei rahisi hupitisha umeme tu. Asiye na waya huo anaweza kupakua kiendeshi kwa simu na kukihamisha kwa flashi, mradi awe amesoma jina kamili la kompyuta yake kwenye karatasi iliyobandikwa chini yake. Tunaongeza jambo moja kwa ajili ya mfuko: pindi kompyuta inapouona mtandao wa simu, hujitia kupakua masasisho mengine kwa bando la mwenyewe. Katika mipangilio ya mtandao iko sehemu ya kuiambia kwamba mtandao huu hulipiwa kwa kipimo. Ikiambiwa hivyo, hujizuia.

Baada ya kupona, masasisho yasimamishwe kwa muda, kwani Windows huweza kumrudisha yuleyule mkalimani mbovu keshoye. Kuyasimamisha kunaruhusiwa hata kwa wiki 5, muda ambao aghalabu hutosha mtengenezaji kutoa kilichosahihishwa. Wako walioumwa na nyoka huyu wakaapa kutosasisha kompyuta zao milele. Hao tunawaonya. Machi 2017 Microsoft ilitoa kiraka cha kuziba tundu moja la Windows. Mei 12 mwaka huohuo kirusi kilichoitwa WannaCry kikapita katika tundu hilo na kuzifunga kompyuta katika nchi nyingi, zikiwamo za hospitali za Uingereza. Walioumia ni ambao kiraka hawakukiweka.

Hayo yote ni ya mwananchi na kompyuta yake. Tunayo ya kuwaambia waheshimiwa maofisa pia, na hapa hatutazunguka.

Serikali imehamishia kazi zake kwenye mitandao, na imefanya vema. Zahanati na shule hutunza hesabu zao katika mfumo wa FFARS. Manunuzi ya umma, tangu 2023, hupita katika mfumo wa NeST. Fedha za umma hulipwa kwa namba ya malipo inayotolewa na mfumo. Maana yake ni kwamba kompyuta ya zahanati ya kisiwani ikipofuka, zahanati nayo imepofuka kwa sehemu. Muuguzi aliye Bwisya, akiambiwa na makao makuu ya halmashauri yake maneno mawili mepesi, "Njoo nayo", ameagizwa avuke maji kwa kivuko hadi Bugolora na kuendelea hadi Nansio, na akiambiwa huko kwamba fundi yuko Mwanza, avuke tena kwa saa tatu na zaidi. Huku nyuma mlango wa zahanati unalindwa na nani? Tangu Juni 2025 ndugu zetu wa Sengerema na Geita wanapita juu ya Daraja la JP Magufuli pale Kigongo na Busisi, na foleni ya kivuko kwao imekuwa hadithi. Watu wa Ukara, Kome na Maisome hawana daraja. Wala hatujasahau kwamba Septemba 20, 2018, MV Nyerere ilipinduka karibu kabisa na gati la Bwisya, tukapoteza watu zaidi ya 220. Safari ya ziwani yenye sababu haikwepeki. Safari ya ziwani kwa ajili ya kubonyeza kitufe kimoja ni jambo ambalo ofisa mwenye dhamana hapaswi kuliagiza.

Tutajibiwa kwamba muuguzi hawezi kubonyeza kitufe hicho hata akifundishwa, kwa kuwa kompyuta za serikali zimefungwa kwa nywila ya msimamizi, na nywila hiyo anayo Ofisa TEHAMA peke yake. Ni kweli, na sababu yake tunaiheshimu. Kompyuta isiyofungwa hujaa michezo, filamu na virusi kabla ya mwaka kwisha. Lakini utaratibu uliotungwa kwa ajili ya ofisi zilizo ndani ya jengo moja hauwezi kupelekwa ulivyo mahali ambapo kati ya ofisi na ofisi kuna mawimbi. Ofisi za serikali zimezoea tangu zamani kuhifadhi ufunguo wa akiba wa kasiki katika bahasha yenye lakiri: anayeifungua huandika jina lake, saa na sababu. Kwa nini nywila ya akiba isihifadhiwe vivyo hivyo kwa mkuu wa shule au mtendaji wa kata? Windows yenyewe inao utaratibu ambao Ofisa TEHAMA anaweza kuutumia kumpa mtu nywila ya msimamizi kwa simu na kuibadilisha baada ya kutumika. Ulinzi haupotei. Kinachopungua ni nauli.

Jambo zito kuliko hilo ni kwamba masasisho yenye kasoro hayana haki ya kufika kisiwani kwanza. Halmashauri yenye kompyuta 100 haina sababu ya kuzisasisha zote usiku mmoja. Zichaguliwe chache zilizo jirani na fundi, zenye kadi za aina mbalimbali, zipokee masasisho kabla ya nyingine kwa wiki moja au mbili. Zikisalimika, ndipo ya visiwani yafuate. Tena upo mpangilio wa kuiagiza Windows ipokee viraka vya usalama lakini isiguse viendeshi, na mpangilio huo haununuliwi. Kadhalika kabla kompyuta haijapanda mtumbwi kwenda kituoni, viendeshi vyake vyote vinaweza kunakiliwa kwenye flashi kwa amri moja fupi ya pnputil, ambayo maofisa TEHAMA wengi wanaifahamu. Flashi hiyo ifungwe pamoja na kompyuta na iandikwe namba yake katika daftari la mali. Mvuvi wa Ukerewe haondoki ufukoni na injini bila plagi ya akiba na kamba ya kuwashia. Hakuna aliyemfundisha darasani. Alifundishwa na usiku mmoja wa kuelea.

Twajua liko tatizo la watu. Ofisa TEHAMA wa wilaya yenye visiwa vingi hawezi kuwa kila mahali, na hatumlaumu kwa hilo. Lakini kila kisiwa kikubwa kina kijana kama yule wa steshenari ya Nansio, au mwalimu anayependa mambo ya kompyuta, ambaye kwa mafunzo ya siku mbili angeweza kuwa mkono wa ofisa huyo. Kijana yule alituambia kwamba flashi yake ina viendeshi vya aina zote za kompyuta zilizopata kupita mezani kwake, na kwamba wateja wake wengi ni watumishi wa serikali wanaomlipa kwa fedha zao wenyewe. Wengine humletea kompyuta baada ya magharibi, kwa kuwa wanaogopa kuonekana wamempa mtu wa nje mali ya ofisi. Tulipomuuliza kama ofisa yeyote amewahi kumwita ili wazungumze, alicheka.

Mwaka wa fedha hufungwa Juni 30, na kila mwenye hesabu atautafuta mtandao kwa pupa. Tunawaomba wahusika kwamba kabla ya mwezi huo kuingia, ofisa mmoja wa TEHAMA atoke na flashi yake na daftari lake, apite kituo kwa kituo, anakili viendeshi, aache bahasha. Tungependa ziara hiyo ianzie Ukara na kuishia Nansio, siyo kinyume chake, na akifika Nansio aulize lilipo duka la steshenari karibu na soko.